Mgonjwa Ambaye Kipimo Hakikumlilia

"Ana risasi. Usimkaribie."

Sauti ya bosi redioni ilimkwaruza mpelelezi Nyuki sikioni huku akipanda ngazi za hospitali mbili mbili, bastola ya Glock kiunoni. Mfamasia alipopiga kelele "Kaondoka na risasi!" walinzi walilala chini, kila mtu na roho yake, na mwizi akapita hivi hivi. Mageti yakafungwa. Jamaa yumo ndani.

Kilichoibwa ni kichupa cha sukari yenye mionzi. Ukidungwa, hukimbilia penye uvimbe kwenye mishipa, na picha ikaonyesha upi unakaribia kupasuka. Wageni waliomtuma mwizi walitaka kuiga utengenezaji wake, basi. Mionzi ikififia, wao hawajali. Lakini inafifia upesi, na hiyo ndiyo dozi pekee ya leo ya shangazi aliyemlea Nyuki. Mshipa wa shingo ulikuwa unamchungulisha kaburi.

Nyuki aliogopa. Tusidanganyane.

Chumba cha mapumziko kilijaa wagonjwa waliokwisha kudungwa, wamejifunika blanketi hadi kidevuni. Bosi akamtaka asubiri kikosi. Ngojangoja huumiza matumbo. Nyuki akazima redio, akachomoa kipima mionzi.

Trrr.

Kilimlilia bibi mwenye miwani. Kilimlilia mzee mwenye kitambi, aliyeuliza kama kinapima na njaa.

Kwa bwana wa pembeni, kimya.

Huyu hajadungwa kitu. Na kama kichupa anacho, mbona hakisikiki? Hapo ndipo Nyuki alipoelewa. Dawa ile hubebwa kwenye kopo la risasi, yale madini mazito yanayozuia mionzi. Maskini mfamasia, alikuwa akililia kopo lake!

Bwana yule akaingiza mkono chini ya blanketi.

"Nina risasi," akasema.

"Najua. Ndiyo maana hiki hakilii."

Akalivuta blanketi. Kopo la kijivu, na mfuniko wake. Bunduki hakuna. Pingu zikalia kacha!

Shangazi alidungwa dawa ingali na nguvu.

"Kutwa mnaninyima chai ya sukari," alinung'unika, "kumbe sukari yenyewe mmeibiwa."

Picha ikawaka shingoni, mahali hasa pa kupasuliwa. Jioni daktari alitoka chumba cha upasuaji akitabasamu, na Nyuki akalia bila aibu.

Kisha akawasha redio. Bosi alitaka kujua mwizi alikuwa na risasi ngapi.

"Moja," alijibu. "Nimeshamrudishia mfamasia."

Akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi moja moja.