Sauti ya Baba Kutoka Maskati

"Usishangilie mapema," Rehani alisema. "Jana sauti ilikatakata majirani walipoangalia video kwa intaneti yenu."

"Na leo?"

"Nimewafungia wasiingie. Umeme ukikatika itazimika, hilo bado sijalitatua. Ila sijajaribu simu ya mbali."

Nasma alikitazama kisanduku alicholeta Rehani cha kupitishia simu kwenye intaneti: waya mmoja kwenye ruta, mwingine kwenye simu ya mezani ya zamani.

"Basi mpigie baba, Maskati."

Rehani, fundi simu wa Kivinje, alisita. Jibu la posa yake kwa Nasma lilikuja kwa ujumbe wa Ramadhani, baba mdogo wa Nasma: "Kaka kakataa. Msimsumbue, anaumwa." Mzee Bakari, baba yake Nasma, alikuwa na sikio zito, na mtandao wa simu za mkononi pale nyumbani ulikuwa dhaifu. Habari zake alizileta Ramadhani, aliyempigia kila alipokwenda Lindi kufuata mzigo wa duka.

"Unaogopa?"

"Naogopa kusikia hapana kwa sauti yake."

Nasma akawasha spika, akabonyeza namba mwenyewe.

"Baba, shikamoo!"

"Marahaba... Nasma? Mwanangu, mbona kama umekaa ubavuni kwangu?"

 Nasma alimsikia baba akivuta pumzi. Nyuma yake adhana ya alasiri ikaanza. Kivinje ilikuwa bado haijaadhiniwa.

"Subhanallah," Rehani alinong'ona.

Ramadhani akaingia na kikapu cha samaki. Akaganda mlangoni.

"Baba, kwa nini umemkataa Rehani?"

"Nimkatae nani? Ramadhani kaniambia wewe ndiye hutaki kuolewa!"

Kikapu kikawekwa chini taratibu.

"Baba mdogo?"

"Mama yangu, bibi yako, hageuki kitandani bila wewe," Ramadhani alisema, macho sakafuni. "Ukiondoka, mimi nitamwosha vipi? Niliogopa, Nasma."

"Ungesema," Rehani alimjibu kwa upole. "Mimi naishi nyumba ya tatu kutoka hapa. Nani kakwambia nitamhamisha Nasma mbali?"



"Mpe Ramadhani simu," baba aliagiza.

Ramadhani alipokea kwa mikono miwili.

"Ramadhani, umenisikia vizuri?"

"Naam, kaka. Vizuri mno."

"Nakupa uwakala. Ijumaa umwozeshe wewe, kwa mdomo huohuo uliosema amekataa."

Ijumaa, msikitini, Ramadhani aliushika mkono wa Rehani. Alianza, akakwama, akajifuta machozi, akaanza upya. Safari hii alilitaja jina la Nasma hadi wa safu ya nyuma wakasikia.