Karibu Ugiriki, Mzee Thanas

Kila mwaka, theluji ikishayeyuka, Thanas na mkewe Olimbi huhamia mlimani na mbuzi wao sitini. Hukaa huko miezi minne. Kibanda chao kiko juu sana. Asubuhi mawingu hupita mlangoni na kufagia ua bila kulipwa. Nyuma ya kibanda kuna mgongo wa mlima, na nyuma ya mgongo huo ni Ugiriki. Mbuzi huvuka mpaka wapendavyo. Hakuna aliyewahi kuwadai pasipoti.

Maisha ya huko ni mazuri. Alfajiri Olimbi hukamua. Thanas huwasha moto na kupasha maziwa ya jibini. Kisha wanakunywa kahawa nje, wanagombana kidogo ili damu ichangamke, na siku inaanza.

Lakini mwaka ule kahawa ilikuwa na chumvi.

"Mke wangu," Thanas alisema, "hii ni kahawa au supu?"

"Kunywa. Ukinywa hutasema."

"Umechanganya makopo tena."

Olimbi akaonja kahawa yake. Ni kweli alikuwa amechanganya. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliona dunia kama mtu anayechungulia kupitia glasi ya mtindi. Uzi na sindano alishaviacha. Wiki iliyopita alimkemea mbwa wao, Balo, kwa kulala njiani. Alimkemea dakika nzima. Kumbe lilikuwa gunia. Balo mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, anamtazama kwa huruma.

Daktari wa mjini alisema macho hayo yanatibika kwa upasuaji. Tatizo ni nafasi.

"Nesi atakupigia simu Alhamisi, saa nne asubuhi, akupe siku yako," daktari alimwambia. "Usipopokea, nafasi itakwenda kwa mwingine. Wewe utasubiri hadi mwakani."

Sasa, pale kibandani hakuna mtandao hata chembe. Kibanda kiko ndani ya bonde dogo kama bakuli. Ukitaka kupiga simu, unapanda nusu saa hadi mgongoni, penye jiwe kubwa bapa. Sisi wa kijijini tunaliita Jiwe la Simu. Mimi nimelikalia mara nyingi. Siku ya upepo, ukisema "habari" pale, neno lenyewe huangukia Ugiriki, na Mgiriki mmoja huitikia "nzuri".

Alhamisi ilipofika, Thanas na Olimbi walipanda mapema. Thanas alivaa shati safi, kana kwamba nesi angemwona. Mkononi alivaa saa yake ya kutia ufunguo, aliyopewa na ushirika enzi za ujana wake. Akawasha simu. Simu ikatafuta mtandao, ikatafuta, ikapata.

"Saa nne kasorobo," Thanas alisoma kwenye simu. Kisha akatazama mkono. Saa yake ilisema saa tatu kasorobo.

"Hii imezeeka," alisema. "Imechelewa saa nzima."

"Jana uliniambia haijakosea miaka arobaini," Olimbi alisema.

"Jana ilikuwa jana. Simu inaongea na mbingu, mke wangu. Saa inaongea na mkono wangu tu." Akaisogeza mbele saa moja.

Simu ikalia: ting!

"Ni nesi?" Olimbi alishtuka.

"Hapana. Ni yule mtu wa matangazo. Kila nikipanda hapa lazima aniandikie. Mimi humfuta tu, sisomi."

Wakangoja. Kwenye simu ikafika saa nne. Saa nne na robo. Saa nne na nusu. Simu ilikuwa kimya kama jibini. Huko chini, kengele za mbuzi zikaanza kusikika mbali zaidi na zaidi. Mbuzi wakiona hawana mtu, hujipangia safari zao wenyewe. Ilipofika saa nne na dakika arobaini, Thanas akasimama.

"Wametusahau," Olimbi alisema. Hakulia. Alikunja leso yake mara nne, ikawa ndogo kabisa, akaitia mfukoni.

Thanas akazima simu ili kutunza chaji. Wakashuka bila kugombana. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara mbaya zaidi.

Mchana huo akapita Edlira, binti wa kijijini kwetu. Kazi yake ni kuongoza wageni milimani. Siku hiyo alikuwa na Wapolandi watatu walioungua pua kwa jua.

"Shangazi, mbona hivyo?" Edlira aliuliza. "Amekufa mbuzi?"

"Afadhali angekufa mbuzi."

Thanas akasimulia yote, na nesi akapata jina moja baya baada ya jingine. Edlira alisikiliza. Mwishoni akauliza, "Mjomba, sasa hivi saa ngapi?"

Thanas akatazama mkono. "Saa tisa."

"Yangu inasema saa nane."

"Basi imezeeka."

"Ina miezi miwili, Mjomba."

"Basi ni ya bei rahisi."

Edlira akacheka. "Chukua simu. Twende Jiweni."

Wakapanda wote, na Wapolandi na Balo nyuma. Thanas akawasha simu. Ting! Kisha tena: ting!

Edlira akasoma. "Umepigiwa simu mara mbili leo. Saa nne na dakika mbili. Na saa nne na dakika tisa."

"Uongo mtupu! Saa nne makalio yangu yalikuwa juu ya jiwe hili! Muulize shangazi yako!"

"Na huu ujumbe mwingine huwa unausoma?"

"Huyo si mtu wa matangazo?"

"Si matangazo, Mjomba. Umeandikwa hivi: Karibu Ugiriki."

Thanas alimtazama. "Nani? Mimi?"

"Wewe. Simu yako ikifika hapa, inashika mnara wa Ugiriki, kwa sababu hapa ndio wenye nguvu kuliko wetu. Na Wagiriki wako saa moja mbele yetu. Simu inafuata saa ya mnara ilioushika. Uliposoma saa nne, kwetu ilikuwa saa tatu. Mliondoka hapa saa nne kasoro dakika ishirini. Nesi alipiga kwa wakati wake. Alikuta umezima."

Thanas akakaa juu ya jiwe polepole.

"Miaka ile ya njaa," alisema, "nilivuka mlima huu kwa miguu kwenda kuvuna pichi zao. Askari wao walinirudisha mara nne. Mara nne! Hakuna hata mmoja aliyenikaribisha. Leo nimezeeka, nimekaa zangu juu ya jiwe, wananikaribisha kila siku!"

Olimbi ndiye aliyeanza kucheka. Edlira akafuata. Wapolandi nao wakacheka, ingawa hawakujua kwa nini.

Thanas akaigeukia saa yake ya mkononi. "Nisamehe," aliiambia, akairudisha nyuma.

"Na macho yangu?" Olimbi aliuliza.

Edlira akatazama saa yake.

"Bado mapema, hospitali haijafungwa," Edlira alisema. "Mjomba, shika simu. Wewe fanya, mimi nitazame. Nikikufanyia mimi, nitaondoka na ujuzi wenyewe. Fungua mipangilio. Ingia kwenye mtandao wa simu. Unaona pameandikwa otomatiki? Zima. Ngoja majina yatokee. Sasa chagua la kwetu."

Thanas alibonyeza kwa kidole kinene. "Inakataa."

"Tusogee upande wa bonde letu."

Walishuka hatua thelathini hivi, hadi penye msonobari mmoja uliopinda. Thanas akajaribu tena. Vikatokea vijiti viwili vya mtandao wa nyumbani.

"Miaka yote tumekalia jiwe," Thanas alisema, "kumbe simu iko mtini!"

"Sasa nenda kwenye tarehe na saa. Hapo pia zima otomatiki, uweke saa kwa mkono wako. Na data ukiwa ng'ambo, izime. Hiyo ndiyo inayomeza salio."

"Mimi nilidhani Olimbi anampigia dada yake kwa siri."

"Mwone huyu!" Olimbi alisema.

"Nimpigie nesi sasa?" Thanas aliuliza.

"Tuandike kwanza. Simu ya sauti hukatika mtandao ukiwa hafifu. Ujumbe mfupi hupenya. Ukikwama, unautuma tena. Shangazi, sema, Mjomba aandike."

Olimbi akakohoa. "Mwanangu nesi, salamu nyingi sana, mimi ni Olimbi, baba yangu alikuwa fundi wa kengele, na mama yangu—"

"Mfupi, Shangazi!"

Baada ya mabishano, ujumbe ulikuwa hivi: "Mimi ni Olimbi, mgonjwa wa macho. Nafasi bado naitaka. Niko mlimani, mtandao ni hafifu. Nitakuwa hewani leo hadi saa kumi, na kesho saa nne asubuhi. Usiponipata, piga namba hii."

Namba yenyewe ilikuwa yangu. Mimi nakaa kijijini, penye mtandao, na tangu nistaafu kazi yangu ni kungoja simu za watu.

Wakangoja chini ya msonobari. Olimbi aligawa jibini na mkate. Edlira hakuacha kufundisha, huku anatafuna.

"Kule kibandani, Mjomba, iweke simu katika hali ya ndege, au izime. Ikikosa mtandao inahangaika kuutafuta, na chaji inaisha. Asubuhi za baridi ilaze ndani ya koti, karibu na mwili. Betri haipendi baridi."

"Na mguu ukivunjika huku juu?"

"Piga 112. Hiyo ni ya dharura. Inapita kwenye mtandao wowote unaopatikana, hata kama wa kwetu haupo. Lakini lazima kuwe na mtandao. Kwa hiyo kila unapokwenda mbali, mwachie mtu habari: napita njia hii, nitarudi saa hii. Ukichelewa, atajua pa kukutafuta."

Ting!

Wote wakaacha kutafuna. Thanas akasoma kwa sauti, neno moja moja:

"Mgonjwa wa Jumanne hatakuja. Njoo Jumanne, saa mbili asubuhi. Unakubali?"

Olimbi alitikisa kichwa huku na huku, machozi yakimtoka. Wapolandi wakaguna kwa masikitiko. Kwao, mtu akitikisa kichwa hivyo amekataa. Ikabidi Edlira awaeleze kwamba kwetu hivyo ndivyo tunavyosema ndiyo. Mmoja wao alifurahi sana akamkumbatia Balo.

Jumanne Olimbi alifika hospitali mapema, kwa saa ya nchi yake. Mbuzi niliwachunga mimi. Jibini la wiki ile lilikuwa bora kuliko yote yaliyowahi kutoka mlima ule. Olimbi anakana, lakini hakuwepo.

Walimpasua jicho moja kwanza. La pili lilifuata baada ya mwezi. Siku aliporudi mlimani alimtazama Thanas kwa muda mrefu.

"Mvi zote hizi zilianza lini?"

"Ulipoanza kutia chumvi kwenye kahawa."

Siku hizi, kila asubuhi saa nne, napata ujumbe kutoka mtini: "Tuko salama. Leo tunachunga upande wa chemchemi." Siku usipofika, naanza kuvaa viatu. Wachungaji wengine watatu wameshajifunza kwa Thanas, na sasa anafundisha kama mtu aliyevumbua simu.

Ila Jumapili yeye na Olimbi hupanda hadi juu ya jiwe na, kwa dakika moja, kuiachia simu ishike mnara wa ng'ambo, makusudi kabisa. Data ameizima. Ting! Olimbi huichukua na kusoma mwenyewe, bila miwani:

"Karibu Ugiriki."

"Asante," Thanas hujibu, amenyoosha miguu. "Tumeshakaribia."