Maji Yaliyokuja Bila Wingu

Laga Madow ulikuwa mto, lakini hakuna mgeni ambaye angekisia hivyo. Ungemchukua mtu wa Garissa, aliyezoea kuuona Tana, ukamwambia, "Huu nao ni mto," angekucheka mbele ya watoto wako. Maji hayakuwepo. Palikuwa na mchanga mweupe tu, mpana kama barabara, uliopita katikati ya vichaka vya miiba. Mito ya namna hiyo watu wa upande wa Lafey huiita laga.

Abshiro aliipenda laga hiyo tangu siku ya kwanza. Ukame wa mwaka huo, 1997, ulikuwa umewamaliza. Yeye na mumewe Gelle walipoteza karibu mifugo yote nyikani. Walibaki na mbuzi wachache, ngamia mmoja wa kubeba mizigo, na binti yao Saynab. Kisha wakafika Laga Madow. Hapo ukichimba mchanga kidogo tu, maji matamu yanatoka. Kuna miti ya kivuli, na mbuzi wanaokota maganda ya migunga bila kwenda mbali. Abshiro alisimamisha aqal yake, nyumba ya fito na mikeka, palepale chini, kando ya mchanga. Wenyeji walikuwa wamejenga juu kwenye changarawe, juani, mbali na visima.

"Hawa watu wanapenda kubeba mitungi," alimwambia Gelle, nao wakacheka.

Siku moja Rukiyo aliteremka kuwasalimu. Rukiyo alikuwa mzaliwa wa pale, mama mtu mzima, muuza chai mwenye ulimi mkali. Alikunywa maziwa aliyopewa, akaizunguka nyumba, akatikisa kichwa.

"Abshiro, dada yangu, hapa si pa kulala. Hapa pana mwenyewe. Hamieni juu."

"Mwenyewe ni nani, Eddo Rukiyo?" Abshiro aliuliza, akimwita shangazi kwa heshima.

"Laga. Tazama juu ya mti huo. Unaona nyasi kavu zilizonasa kwenye matawi? Nani aliziweka pale?"

Abshiro alitazama. Nyasi zilikuwa juu kuliko paa la nyumba yake.

"Ndege," alisema.

"Na lile gogo katikati ya nyasi? Ndege gani anabeba gogo?"

Abshiro aligeuka kuwaita mbuzi wake. Moyoni alisema, huyu mama anakitaka kisima changu. Rukiyo naye hakuwa mtu wa kubembeleza. Alishukuru kwa maziwa, akapanda zake.

Siku chache baadaye, baada ya sala ya magharibi, Gelle alimwita mkewe nje. Mbali sana, upande wa vilima vya magharibi, umeme ulikuwa ukimulika. Ngurumo haikusikika. Juu ya vichwa vyao nyota zilijaa.

Gelle alifurahi mpaka akasahau chai yake. Yeye alikuwa sahan, yaani mtu anayetangulia kutafuta mvua iliponyesha, ili mifugo ihamie huko. Katika ukoo wao hapakuwa na sahan aliyempita. Akiona umeme, alijua ni vilima vipi vilivyopata mvua na majani yangeota lini. Kwake yeye umeme wa mbali ulikuwa habari njema siku zote. Mtu anaufuata.

"Alfajiri nitakwenda na ngamia," alisema. "Nitafuata laga. Mchangani hakuna miiba, na inaelekea kulekule kwenye mvua."

"Mungu akutangulie, baba Saynab," Abshiro alisema. Hakuona kosa lolote. Alimfungia mumewe maziwa na nyama kavu, na alfajiri Gelle akaondoka.

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Laga Madow haikuwahi kuusikia msemo huo. Asubuhi ile mbingu ilikuwa safi, na jua lilikuwa limeanza kuchoma. Abshiro alikuwa akipika canjeero, mikate myembamba ya kikaangoni. Saynab alikuwa kisimani, akichota maji kwa kopo.

Kwanza ikaja sauti. Abshiro alidhani ni malori ya mizigo yanatoka Mandera. Halafu akakumbuka kwamba barabara haipiti upande ule.

"Tokeni huko chini!" Rukiyo alikuwa akipiga kelele kutoka juu. "Abshiro, mtoto! Mshike mtoto, acha vitu!"

Abshiro alikimbia. Hakujua anakimbia nini. Alimshika Saynab mkono, akamburura, wakapanda changarawe kwa magoti. Alipogeuka, mchanga mweupe haukuwepo tena. Ukuta wa maji ya kahawia ulikuwa ukija, umebeba miti mizima, povu na mizoga. Uliifikia nyumba yake. Mikeka ikainuka, fito zikavunjika, na nyumba ikaenda. Mbuzi waliokuwa kivulini walilia mara moja tu.

Abshiro alitazama juu. Hapakuwa na wingu hata la kufunika jua. Alitazama chini. Maji yalikuwa yakipita pale alipokuwa amekaa akigeuza canjeero. Macho yake yaliona, akili yake ikakataa.

"Maji haya yametoka wapi?" aliuliza. "Hakuna mvua. Eddo, hakuna mvua."

"Yametoka vilimani. Mvua ya jana."

Hapo ndipo Abshiro alipoelewa. Akaketi chini.

"Gelle yuko ndani ya laga," alisema. "Ametoka alfajiri. Anakwenda huko maji yanakotoka."

Rukiyo aligeuka, akawaita wanaume.

Wanaume wa pale walikimbia kwenye ukingo kuelekea juu, wakiita. Walirudi adhuhuri wakiwa hawana habari. Mmoja wao alikuwa amekiona kirago cha mgongoni mwa ngamia wa Gelle kikielea katikati ya maji, na kamba yake. Aliona ni bora aseme. Abshiro alimsikiliza bila kulia. Saynab aliuliza kama baba anajua kuogelea. Hakuna mtu wa nyikani anayejua kuogelea.

Alasiri Saynab ndiye aliyemwona. Mtu alikuwa amesimama ng'ambo ya pili, amejaa matope, hana fimbo wala kilemba. Alikuwa Gelle.

Abshiro alilia sasa. Alisimama ukingoni akinyoosha mikono. "Njoo!" alimwita. "Njoo, baba Saynab!" Maji yalikuwa yameshapungua. Yalionekana ya kufika magotini tu. Gelle akainua shuka yake, akatia mguu mmoja majini.

"Kaa hapo hapo, Gelle!" Rukiyo alipaza sauti. "Ukiingia, nitamfundisha mkeo kukaa eda!"

Gelle akasimama.

"Mwache aje," Abshiro alisema kwa hasira. "Ni maji ya magoti."

"Ni maji ya magoti yanayokimbia," Rukiyo alisema. "Yanamwangusha dume la ngamia. Chini yake kuna magogo huyaoni, na mchanga umegeuka uji. Mjomba wangu alivuka maji ya magoti. Tulimkuta kule uwandani, maji yalipokauka. Mume wako yuko hai. Mwache abaki hai mpaka mchanga uonekane."

Kwa hiyo Gelle aliketi ng'ambo, na mkewe akaketi upande huu. Walitazamana juu ya maji mpaka giza likawaficha.

Kesho yake mchanga ulionekana, naye akavuka. Alikaa kwenye kibanda cha Rukiyo, kikombe cha chai mkononi.

"Nilipanda ukingo wa ng'ambo kukata mswaki," alisema hatimaye. "Mswaki tu. Ngamia nilimwacha mchangani. Nilikuwa na tawi mkononi, nikageuka, na ngamia hayupo." Aliweka kikombe chini. "Mimi najua mvua. Tangu ujana wangu naijua mvua. Sikujua kwamba inaweza kunifuata kwa miguu."

Hakuna aliyecheka. Rukiyo aliinuka, akatandika turubai lake kuukuu chini, akaukusanya upande mmoja ukawa na mikunjo mirefu.

"Tazameni," alisema. "Hivi ni vilima vya magharibi. Udongo wake ni mgumu, una mawe, na miti imekatwa. Haunywi maji." Akachukua birika, akamimina maji juu ya mikunjo. Maji yaliteremka kwa vijia vingi vyembamba. Kila kijia kiliingia kwenye kingine, mpaka vyote vikawa njia moja katikati ya turubai. "Mnaona? Kila bonde dogo linaleta chake. Vyote vinaingia Laga Madow. Sisi tuko hapa katikati. Mimi nimemimina kule, lakini nani amelowa?"

"Sisi," Saynab alisema.

"Na hapa mwisho je?" Gelle aliuliza. Maji yalikuwa yametambaa kwenye sehemu tambarare ya turubai, yakasimama.

"Huko ni uwandani. Laga yetu haifiki baharini. Inatapakaa, inazama mchangani, inakwisha. Majani mazuri yanaota huko. Wewe ulikuwa unapanda kuifuata mvua, Gelle. Ungekaa juu ukangoja, mvua ingekupitia yenyewe, ukaifuata chini kwa usalama."

Gelle aliifuata njia ile ya maji kwa kidole. Aliona aibu, lakini hakuificha.

"Na zile nyasi juu ya mti?" Abshiro aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Ndizo alama za maji. Yanapofika juu yanaacha takataka kwenye matawi. Mtu akitaka kujenga, atafute zile za juu kabisa, kisha apande juu zaidi yake. Wewe uliniambia ni ndege."

"Nilidhani unakitaka kisima changu."

"Nilikuwa nakitaka," Rukiyo alisema. "Lakini nyasi zilikuwa kweli."

Wiki ile ile Abshiro alijenga nyumba mpya juu kwenye changarawe, kwa fito za kuombwa. Maji ya kunywa aliyachemsha, kwa sababu mafuriko yalikuwa yameleta mizoga na vinyesi mpaka visimani. Kubeba mtungi kulimchosha, na hakulalamika mbele ya Rukiyo.

Gelle naye alikwenda kwa Kerrow, mwenye duka. Kerrow alikuwa na taar, ile redio ya kuzungumzia ambayo wafanyabiashara huitumia kuulizana habari. Kila asubuhi aliongea na mwenzake wa Burdheer, kituo kilichoko miguuni mwa vilima. Waliulizana habari za sukari, mifugo na malori.

"Muulize na laga," Gelle alisema. "Kila siku. Kama maji yamepita kwao, sisi tunayo nafasi ya kutoka."

"Mimi ni mfanyabiashara, Gelle, si mlinzi wa mchanga."

"Wateja wako wote wanachota maji mle," Gelle alisema. Kerrow akakubali.

Mvua za mwaka ule hazikuwa za mchezo. Jioni moja umeme ulimulika tena magharibi. Abshiro alimwona mumewe akiinuka. Alimshika shuka.

"Siendi kuifuata," Gelle alimwambia. "Niache."

Aliteremka akapita kwenye kila kambi iliyokuwa karibu na mchanga. Wageni walikuwa wengi, wafugaji waliopoteza mifugo kama yeye. "Tokeni," aliwaambia. "Mvua imeshika vilima." Wengine walitoka. Wengine walisema nyota zinaonekana. Gelle hakuondoka mpaka walipochoka naye, wakahamisha watoto na mbuzi huku wakinung'unika.

Asubuhi mbingu ilikuwa safi. Kerrow alikuja mbio kutoka dukani. Burdheer wamesema maji yamepita kwao kabla ya alfajiri, alisema, na ni mengi. Lakini jua lilipanda, na laga ilibaki nyeupe na kavu. Mitungi ilikuwa mitupu. Mbuzi walilia kiu. Watu walianza kumtazama Gelle vibaya.

"Sahan wetu anaogopa umeme siku hizi," mwanamume mmoja alisema. "Aliumwa na nyoka, sasa anaogopa kamba." Wenzake wakacheka. Akamwambia binti yake achukue mtungi, ashuke akachote haraka.

Gelle aliketi kwenye njia nyembamba ya kushukia. Abshiro alikwenda akaketi kando yake. Rukiyo aliacha birika lake, akaja akajaza pengo lililobaki.

"Mtatukanyaga," Rukiyo alisema. "Vinginevyo hamshuki."

Mwanamume yule alimtukana Gelle na babu yake. Gelle aliinamisha kichwa. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu, kwa sababu yeye alikuwa tayari anaisikia ile sauti ya maji.

Laga ilikuja. Ilikuja na miti, na mawe yaliyogongana chini ya maji, kwa nguvu kuliko ile ya kwanza. Ilipita juu ya visima vyote. Ilizoa majivu ya kambi za jana. Ilipanda mpaka kwenye matawi, ikaacha nyasi mpya. Mwanamume aliyetukana alisimama mdomo wazi, amemshika binti yake kwa mikono yote miwili, na mtungi ulikuwa umeanguka ukavunjika bila yeye kujua. Abshiro mwenyewe, aliyekwisha kuyaona, aliinuka akarudi nyuma. Maji yale hayazoeleki.

Yalipita mchana kutwa chini ya jua kali. Watu walikaa juu kwenye changarawe, wakiyatazama, na kila mama aliita majina ya watoto wake, na kila jina liliitika. Siku ile hapakuwa na mtu wa kutafutwa.