Uji Aliopewa Pingo

Kila asubuhi, kabla ya kupanda mtumbwi kwenda shule, Jucilene alikata majani ya ziwani mpaka viganja vikamwasha. Majani hayo yalikuwa ya Pingo, mtoto wa nguva wa maji baridi ambaye mama yake alifia wavuni. Sasa Pingo aliishi katika tangi kando ya nyumba iliyoelea juu ya maji, ya Shangazi Francinete, mlezi wa nguva yatima.

Lakini chupa ya maziwa maalumu ilikuwa kazi ya Edinalva, binamu wa Jucilene. Akiita tu, "Pingo!", mnyama aliibuka, akapumua kwa kishindo, akaidaka chupa kwa midomo yake mipana. Wageni walimsifu Edinalva. Majani hakuna aliyeyasifu.

"Mimi ndiye niliyemwona kwanza," Jucilene alinung'unika.

"Ukapiga yowe, ukatimua mbio! Aliyeingia majini nani?" Edinalva alicheka. "Kata majani, bibie."

Jumamosi Edinalva alipokwenda sokoni, Jucilene alipika uji wa ndizi na maziwa ya ng'ombe. Kwao, kichanga yeyote aliyedhoofu hunenepeshwa kwa uji huo. Akaujaza kwenye chupa, akaita. Pingo aliibuka, akanyonya wote.

"Sasa tuone utampenda nani," Jucilene alimnong'oneza.

Kesho yake Pingo alilala ubavu, tumbo limevimba kama ngoma.

"Umempa nini, Edinalva?" Shangazi alifoka. "Chupa hukuichemsha?"

"Nimeichemsha, Shangazi, haki ya Mungu!"

"Lete hiyo chupa. Kuanzia leo atalishwa na Jucilene."

Jucilene alikabidhiwa chupa aliyoililia siku zote. Edinalva alikuwa akilia kwa kwikwi. Ndani ya tangi, pua ya Pingo ilijitahidi kufika juu, ikazama kabla hajavuta pumzi.

"Ni mimi, Shangazi," Jucilene alisema. "Jana nilimpa uji. Wa maziwa ya ng'ombe."

Shangazi hakupoteza muda kugomba. Alimpa Pingo maji yenye dawa kwa mpira mwembamba, akamkanda tumbo. Wasichana wakaingia tangini, wakamwinua ili apumue, bega kwa bega, mpaka meno yakagongana kwa baridi. Alasiri, mapovu makubwa yalitoka nyuma ya Pingo.

"Uji wako huo, mpishi!" Edinalva alisema akiziba pua. Wote wakacheka, hata Shangazi.

Pingo alipoanza kuogelea tena, Shangazi aliirudisha chupa kwa Edinalva na kumwomba radhi. Kisha akamketisha Jucilene.

"Tumbo la nguva haliwezi maziwa ya ng'ombe. Na nguva huzaa mtoto mmoja tu, akakaa miaka kabla ya kuzaa mwingine. Tukimpoteza mmoja, pengo lake halizibiki upesi. Ungenyamaza, ningetibu ugonjwa asio nao, naye angekufa. Ukweli wako ndio uliomponya."

"Lakini Shangazi, bado namwonea wivu Edinalva."

"Najua, mwanangu. Wivu hautoki kwa siku moja. Ukikupanda tena, njoo uniambie mimi. Usimlishe nguva wivu wako."