Nyani Kaichukua Simu ya Anastazia

Niliiba simu ya Anastazia mchana kweupe!

Ndiyo, mimi. Mstaafu wa reli, miaka sitini na tisa, babu wa watu. Alinipa simu nimpige picha mbele ya kasri... nikaitumbukiza ndani ya soksi.

"Baba Flavia, simu yangu iko wapi?"

"Nyani kaichukua, mwanangu! Nyani wa huku wanajua mpaka nywila!"

Akacheka.

Kabla hamjanitukana, nisikilizeni.

Jumapili ile sisi Watanzania wa Guangzhou, huku China, tulipanga kupanda milima ya Conghua, nje ya mji. Unapita kasri lenye minara, ungedhani la mfalme, kumbe limejengwa juzi ili maharusi wapigie picha. Unapita mashamba ya mizabibu. Mwisho unaingia msitu wa hifadhi.

Asubuhi kabla ya safari, mwenyekiti wetu Elinami alinivuta nyuma ya basi.

"Mzee, mama yake Anastazia amefariki. Usiku huu, kule Makambako."

"Mungu wangu! Mwenyewe anajua?"

"Hajui. Na asijue kwa simu, peke yake chumbani, kakaa juu ya marobota ya nguo. Tunamtafutia tiketi. Aende, atembee, ale, jioni tutamwambia tukiwa wote. Kazi yako ni kumchekesha. Na hiyo simu iondoke mikononi mwake."

"Kwa nini mimi?"

"Guangzhou nzima nani mwongo kukuzidi?"

Nikapanda basi.

Mnajua desturi yetu. Mtu hatupiwi msiba kama jiwe. Analishwa kwanza, anazungukwa na watu, ndipo anaambiwa taratibu.

Na Anastazia hana baba. Ananunua nguo za watoto pale soko la Shisanhang, anapeleka nyumbani kuuzwa, na mama huyo ndiye aliyekuwa kila kitu kwake. Nikaapa: leo binti huyu hataupata msiba huu mikononi mwa simu!

Basi tukatembea.

Ile simu ikaanza kutetemeka ndani ya soksi. Ngrrr! Ngrrr!

"Baba Flavia, mguu una nini?"

"Baridi yabisi, mwanangu. Hii ya kwangu ni ya kisasa, inatetemeka."

Akacheka tena. Na simu hakuiulizia tena. Nikajipongeza moyoni: mzee, wewe kiboko!

Kwenye mizabibu unachuma mwenyewe, halafu laoban, yule mama mwenye shamba, anakupimia. Anastazia alichagua kishada kimoja, akakiviringisha kwenye mtandio wake polepole, kama anamvisha mtoto.

"Hiki cha mama," akasema.

Na mimi, kwa mazoea ya mdomo, likanitoka...

"Mama hajambo?"

Weee! Nikataka ardhi inimeze!

"Hajambo," akajibu. "Anapenda vitamu, ila meno ndiyo yamemwisha."

Nikageuka haraka, nikajifanya nabishana bei na laoban. Laoban anasema "meiyou, meiyou", hakuna punguzo, mimi machozi yananitiririka. Sijui alidhani zabibu zinaniuma kiasi gani.

Tukaingia msituni. Anastazia akaacha kuongea. Nikaona huyu nikimwacha atawaza, nikavuta uongo mkubwa kuliko wote.

"Unajua mama yako nilimfahamu?"

Akasimama. "Wewe?"

"Enzi za reli! Alikuwa anauza mahindi ya kuchemsha stesheni ya Makambako. Si ndiyo?"

Hilo alishanisimulia mwenyewe. Yaliyofuata ni yangu.

"Siku moja treni imeondoka, kofia yangu imeanguka. Mama yako akaiokota, akakimbia! Treni inakimbia, naye anakimbia... Akatupita! Tunafika stesheni ya mbele, tunamkuta kakaa, anatungoja, kofia mkononi. Hata hahemi!"

"Kofia gani?"

"Si hii hapa kichwani?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka muda mrefu... mrefu kupita kiasi, jamani. Lakini mimi nani, nikaona nimeshinda.

Saa kumi jioni tukafika kwenye kibanda cha chakula, juu kabisa. Tukala wali. Elinami akakohoa. Watu wote wakatazama viatu vyao.

"Baba Flavia... wewe ndiye mkubwa wetu. Zungumza na binti."

Nikafungua mdomo. Mwongo wa miaka arobaini... nikaanza kusifu wali!

Anastazia akanishika mkono.

"Pumzika, baba. Najua."

"Unajua nini?"

"Mdogo wangu Agape aliniandikia saa kumi alfajiri."

Akafungua begi lake. Kanga nyeusi, imekunjwa vizuri. Pasipoti juu yake.

Elinami akapiga yowe. "Sasa kwa nini ulikuja kutembea?"

"Mngejua kwamba najua, mngeanza kulia. Leo siku nzima nimeulizwa mama hajambo, nimejibu hajambo. Hakuna aliyemwita marehemu. Nilitaka siku moja zaidi. Basi."

Nikatoa simu kwenye soksi. Nikamkabidhi.

"Nyani karudisha?" akauliza.

Ndipo akalia. Wanawake wakamzunguka. Mimi nikakaa pembeni na kile kishada cha zabibu.

Tuliposhuka, akanisogelea.

"Baba Flavia, ile ya mama na kofia... kweli?"

Yule mama sijawahi kumwona hata kwenye picha.

"Kweli, mwanangu. Alitupita."

"Basi sasa hivi kakaa stesheni ya mbele. Anatungoja."

Nikavua kofia nikampa. Akaigeuza. Ndani ilikuwa na lebo, mpya, maandishi ya Kichina, maana nilikuwa nimeinunua soko la Zhanxi wiki ile ile.

Aliiona. Najua aliiona.

Akaikunja, akaiweka begini juu ya kanga.

Ndugu zangu mnaosoma: mfanyabiashara akipotelewa na simu tangu asubuhi, na haiulizii tena, usijisifu umemficha jambo. Kaa karibu naye. Yeye ndiye anayekuficha wewe.