Fausta na Muhuri wa Mkate

Hapo kale sana, katika mji wa Roma, alikaa mtoto Fausta na bibi yake. Walikaa chumba kimoja, juu kabisa ghorofani.

Chumba hakikuwa na tanuri. Kila familia ilikanda unga wake, ikaupeleka kwa Pansa, mwokaji wa mikate.

Kila donge lilitiwa alama ya wenyewe, mikate isije ikachanganyika. Bibi alikuwa na muhuri wa mti, wenye picha ya samaki.

"Mjukuu wangu, leo peleka wewe," akasema Bibi. "Piga muhuri mara moja tu, umesikia?"

"Nimesikia, Bibi!"

Kwa Pansa, madonge ya majirani yalipangwa ubaoni. Meupe! Laini!

Fausta akapiga muhuri donge la Bibi. Tap! Samaki huyo, akatokea.

"Mzuri jamani! Mmoja tu zaidi."

Tap! Akapiga donge la jirani.

"Mmoja tu zaidi."

Tap! Tap! Tap!

Alama za wenyewe zikafutika zote. Pansa alikuwa akichochea moto, hakuona. Akaitia mikate tanurini.

Jioni, majirani wakaja kuchukua mikate yao. Bibi naye akaja, amemshika Fausta mkono.

"Mkate wangu uko wapi?" akauliza Mama Nonia.

"Yote ina samaki!" akasema Mzee Rufo. "Ala! Bibi Vibia, unataka kula mikate ya mtaa mzima?"

"Mimi? Kwa meno haya mawili?" akajibu Bibi.

Watu wakacheka. Mama Nonia hakucheka. "Unatuibia mikate!" akasema.

Bibi akainamisha kichwa.

Fausta akamtazama Bibi. Angeweza kunyamaza. Lakini Bibi hakukosa. Aliyekosa ni yeye.

Akaomba kimoyomoyo apate nguvu. Kisha akasema, "Ni mimi."

Watu wote wakamgeukia.

"Nilipiga muhuri mikate yote. Samaki alinipendeza. Nisameheni."

Mama Nonia akamtazama Fausta. Akamtazama Bibi.

"Bibi Vibia, nisamehe na mimi," akasema. "Nimekuita mwizi bure."

"Yamekwisha, mwanangu," akasema Bibi.

"Sasa nani ale upi?" akauliza Pansa.

"Tukae tule yote pamoja," akasema Mama Nonia. "Nina chungu cha dengu."

Mzee Rufo akaleta zeituni na jibini. Pansa akaleta mchuzi wa samaki waliochachuka. Waroma waliupenda sana.

"Phuu! Unanuka!" akasema Fausta.

"Chovya kwanza, ndipo useme," akacheka Pansa.

Fausta akaziba pua. Akachovya mkate. Akatafuna, nyam, nyam.

"Niongezeeni!"

Wote wakacheka, hata Mama Nonia.

Wakati wa kulala, Bibi akamfunika blanketi.

"Bibi, umenikasirikia?"

"Nilikasirika kidogo. Lakini umesema kweli mbele za watu. Nimefurahi sana."

"Kesho utanifundisha kukanda unga?"

"Nitakufundisha. Sasa lala."

Fausta akashukuru kwa chakula, akashukuru kwa Bibi. Kabla hajamaliza kushukuru kwa majirani, usingizi ukamchukua.