Kichwa cha Kwao

Kwenye mabomba ya maji ya moto, karibu na hamamu ya zamani katikati ya Sofia, Jumamosi asubuhi hakuna ustaarabu. Kila mtu na chupa zake, kila mtu na haraka zake, na vikongwe ndio wenye viwiko vikali kuliko wote. Ralitsa alikuwa ameinama akijaza dumu, gauni lake jekundu amelikusanya kwa mkono mmoja lisilowe, aliposikia mtu nyuma yake akipiga yowe.

Aligeuka. Kijana mrefu, koti rangi ya haradali, alikuwa ametoa ulimi nje akiupepea kwa ramani.

"Hukuona mvuke?" Ralitsa alimuuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

"Niliuona. Nikadhani ni baridi ya kwenu."

"Pole. Haya maji huchotwa asubuhi yakanywewa jioni. Mwenye pupa huyanywa na machozi. Unatoka wapi wewe?"

"Porto, Ureno. Naitwa Telmo. Nachora majengo, nimekuja kuyatazama ya kwenu. Na wewe unafanya nini, ukiacha kucheka wageni?"

"Natengeneza meno ya bandia."

"Ndiyo maana huondoi macho mdomoni mwangu!"

"Nakutazama kwa sababu umeungua."

Muongo huyo. Alimtazama kwa sababu midomo yenyewe ilikuwa mizuri.

Wakaondoka pamoja, dumu amelibeba Telmo. Mtu akitembea Sofia na mchora majengo, atachoka: msikiti hapa, sinagogi pale, kanisa limejificha uani mwa majumba ya serikali, na kila mahali jamaa anasimama, shingo juu, mdomo wazi. Mara mbili Ralitsa alimvuta koti asigongwe na tramu. Walipofika kwenye kibanda cha mikate ya banitsa, Telmo akasonga mbele kwa kiherehere kumuuliza muuzaji kama ipo ya jibini. Muuzaji akatikisa kichwa kushoto na kulia. Telmo akarudi mnyonge.

"Imekwisha."

Ralitsa alicheka mpaka akashika nguzo. "Amekwambia ipo! Kwetu kichwa kikienda kushoto na kulia ni ndiyo. Kikienda juu na chini ni hapana."

"Nyinyi mmeumbwa kinyumenyume?"

"Kinyumenyume ni nyinyi. Jifunze, usije ukafa njaa mbele ya chakula."

Akajifunza. Ile wiki moja aliyokuja kutembea ikazaa nyingine, nayo ikazaa mwezi, na Telmo akawa anawatikisia wahudumu kichwa kama mzaliwa wa Sofia. Simu zikawa haziishi. "Umekula, moyo wangu?" "Nimekula, ila boza yenu siinywi tena, ule ni uji uliokasirika." Ralitsa alimpenda. Alimpenda mpaka akaogopa, kwa kuwa aliwahi kumpenda Ognyan, naye Ognyan alikwenda Ujerumani kwa kibarua cha miezi mitatu akaoa huko huko.

Usiku mmoja Telmo alimpigia.

"Porto wamenipa kazi. Wanataka nianze Jumatatu. Tiketi ya kesho jioni ninayo. Ralitsa, ukisema nibaki, nabaki. Lakini uniambie wewe."

Neno lilimfika mdomoni likakwama. "Nipe mpaka asubuhi," alisema. Hakulala. Kila akigeuka kitandani alimwona Ognyan na begi lake.

Asubuhi walikutana kituo cha tramu, naye bado alikuwa anazungukazunguka, anazungumzia mvua, anamfunga Telmo vifungo vya koti. Tramu ikaja. Watu wakamsukuma Ralitsa ndani, mlango ukajifunga. Telmo akakimbia pembeni ya dirisha, mkono kwenye kioo, na kwa midomo akauliza: "Nibaki?"

Ndipo hofu ikamwachia. Akawaza upesi: huyu mgeni, nimjibu kwa desturi ya kwao asije akakosea. Akaitikia kwa kichwa, juu na chini, juu na chini, kwa nguvu, machozi yakimtoka. Telmo alisimama. Aliweka mkono kifuani, akainama kidogo, akageuka akaenda zake. Furaha imemzidi, Ralitsa alijiambia.

Kazini alipanga meno vibaya siku nzima. Saa saba alipiga simu: haipatikani. Saa nane, haipatikani. Saa tisa alitoka, akaenda kwa shangazi yake Stefka, akamweleza.

"Mwanangu, ulimjibu nini?"

"Nilimkubalia, shangazi!"

"Kwa mdomo?"

"Kwa kichwa. Tulikuwa na kioo katikati."

"Kichwa cha wapi?"

"Cha kwao. Ili anielewe."

Shangazi Stefka akaweka kikombe chini taratibu. "Na cha kwetu alifundishwa na nani?"

Ralitsa alikuwa ameshafika ngazini, kiatu kimoja hakijafungwa.

Treni ya chini ya ardhi kwenda uwanja wa ndege ilisimama kila kituo kana kwamba ina undugu nacho. Alipiga, akapiga. Haipatikani. Aliingia ukumbini akikimbia, nywele zimetawanyika, akaliona koti la haradali ng'ambo ya kioo, kwenye foleni ya ukaguzi, kasoro watu wachache afike mbele. Aligonga kioo. Telmo hakusikia. Askari mmoja akaanza kuja.

Kisha Telmo akatoa simu, maana tiketi ilikuwa humo. Akaiwasha. Ikalia mkononi mwake.

"Ralitsa?"

"Geuka."

Aligeuka. Akamwona, uso wake ukabadilika, mkono ukaanza kupanda.

"Usinitazame! Funga macho. Telmo, nakuomba, funga macho unisikilize."

Akafunga, palepale, katikati ya foleni. Mzee nyuma yake akamsukuma kwa begi: "Bwana, unasogea au umelala?"

"Asubuhi nilikujibu kwa kichwa cha kwenu," Ralitsa alisema, sauti inamkatika. "Wewe ukasoma cha kwetu. Sikukukataa. Nilikuwa naogopa, ndiyo, naogopa mpaka sasa, lakini sikukukataa. Baki. Nakwambia kwa mdomo wangu: baki."

Foleni mbele yake ikasogea. Ralitsa alijua hakika kwamba amechelewa.

"Begi langu limeshapakiwa," Telmo alisema mwishowe, macho bado amefumba.

"Liache liende. Begi litarudi."

Telmo akafumbua macho, akainama chini ya kamba, akaanza kurudi dhidi ya watu wote.